Muulize Mwalimu: Mita tano inayosomeka 5.6

SWALI: Salaam aleikum Mwalimu. Nafanya kazi katika ghala la chai, Changamwe, Mombasa. Nimefunga moduli za redio ya bendi pana, zile za UWB zenye chipu ya DW1000. Tatu ziko ukutani, zote ukuta mmoja kwa sababu ndiko kwenye soketi za umeme, na ya nne iko juu ya foklifti ili tujue iko safu gani. Nikipima mita tano kwa tepu, moduli inasema 5.6. Nikipima kumi, inasema 10.6. Kwenye ramani ya kompyuta foklifti mara nyingine inatokea ng'ambo ya ukuta, barabarani kabisa. Tajiri anataka ninunue moduli sita zaidi. Ninunue? Pia naona kila kipimo kinatumia jumbe tatu. Nikibakiza mbili, betri ya tegi, yaani ile moduli ya foklifti, haitadumu zaidi?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mwambie tajiri asubiri. Moduli zako ni nzima, na nimefurahi kwamba umeniletea vipimo viwili, maana hivyo ndivyo vinavyonionyesha ugonjwa. Sentimita 60 zimezidi kwenye mita tano, na zilezile 60 kwenye mita kumi. Kosa lisilokua pale umbali unapokua halitoki hewani. Liko ndani ya moduli.

Redio hii haikisii umbali kwa nguvu ya ishara kama tunavyofanya na Bluetooth. Inapima muda. Inatuma mapigo mafupi sana, yenye upana wa megahezi 500 au zaidi, na ufupi huo ndio unaoiwezesha kujua pigo limefika wakati gani hasa. Wimbi la redio huenda sentimita 30 hivi kwa nanosekunde moja (sehemu ya bilioni ya sekunde), na saa ya DW1000 huhesabu vipande vya pikosekunde 15.65 (pikosekunde elfu moja ni nanosekunde moja). Ndani ya kipande kimoja wimbi limesogea milimita 4.7 tu. Hiyo ni kazi ya kampuni ya Decawave ya Dublin, Ireland, iliyonunuliwa na Qorvo ya Marekani mwaka 2020, na mimi ninaiheshimu sana.

Lakini kabla pigo halijafika kwenye antena, limepita kwenye chipu na bodi. Likipokelewa hupita tena njia kama hiyo. Kutuma na kupokea kwa pamoja, muda huo wa ndani ni kama nanosekunde 514 kwa kila moduli, ambao hewani ungekuwa mita zaidi ya 150! Programu huutoa kwenye hesabu, ila kwa namba moja ya kukadiria inayotumika kwa moduli zote. Tafuta namba 16436 kwenye programu yako, maana nyingi huanza na hiyo; ni idadi ya vile vipande vya saa, mara moja kwa kutuma na mara moja kwa kupokea. Sentimita 60 zako ni vipande 128. Kosa limegawanyika sehemu nne, yaani kutuma na kupokea kwa kila upande, na mwishoni hesabu hugawanywa kwa mbili, maana wimbi limekwenda na kurudi. Kwa hiyo ongeza 64 kwenye kila sehemu: 16436 iwe 16500. Rudia kipimo mahali peupe, mita saba au nane, antena zote zikiwa wima. Baada ya hapo usiguse tena namba ya tegi. Rekebisha kituo kimoja kimoja, yaani kila moduli ya ukutani, dhidi yake, kwa sababu moduli hazilingani kabisa hata zikitoka boksi moja.

Foklifti kuonekana barabarani ni jambo jingine, na hapa moduli sita za ziada zisingekusaidia kama ungezifunga ukuta uleule. Kila kituo kinajua umbali tu, hakijui upande. Vituo vikikaa mstari mmoja, kuna sehemu mbili zenye umbali uleule kutoka kwa vyote vitatu, moja ndani ya ghala na nyingine nje, na kompyuta haina namna ya kuchagua. Vuta waya wa umeme. Peleka kituo kimoja ukuta wa pili, na ukipata pesa ya moduli moja tu, weka vinne kwenye pembe nne. Waya ni rahisi kuliko moduli sita.

Angalia na urefu kutoka sakafuni. Kituo kikiwa juu ya tegi kwa mita tatu, na foklifti iko mita nne kwa kupima sakafuni, moduli itasoma mita tano, kwa sababu inapima mshazari. Ukiiweka tano hiyo kwenye ramani kama ilivyo, umepotea mita nzima. Na usishushe vituo ili kukwepa hesabu. Viache juu ya vichwa vya watu na juu ya marobota. Chai kavu inapitisha wimbi na kulichelewesha kidogo tu. Chuma na mwili wa mtu ndivyo vinavyoziba, na hapo moduli inaweza kusoma wimbi lililogonga bati kwanza ndipo likafika, na kukupa umbali mrefu kuliko wa kweli.

Jumbe tatu ziache. Kristali zinazoendesha saa za moduli mbili hazitembei sawasawa. Zikitofautiana sehemu 20 kwa milioni, na moduli ya pili ikakawia milisekunde moja kujibu, jumbe mbili peke yake zinakupa kosa la nanosekunde kumi, yaani mita tatu. Ujumbe wa tatu ndio unaofuta tofauti hiyo. Kama shida ni betri, pima mara moja kwa sekunde na tegi ilale katikati. Na mbona foklifti yenyewe ina betri kubwa? Tafuta kibadilishi cha volti, uchote humo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa Mbeya. Moduli yangu ya DWM1000, yenye chipu hiyohiyo ya DW1000, inatuma vizuri, lakini nikiiambia ipokee, inajizima. Naipa umeme kutoka pini ya volti 3.3 ya bodi ndogo ya kompyuta, Arduino Uno.

JIBU: Pini hiyo hutoa miliampia 50. Moduli ikipokea inataka zaidi ya 100. Ipe chanzo chake cha volti 3.3 na kapasita karibu yake. Tena Uno huongea kwa volti tano na chipu hii haizivumilii, kwa hiyo weka kibadilishi cha viwango vya volti kwenye nyaya za data leo hii, kabla hujaiunguza.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kiwandani kwetu Morogoro tumeambiwa tutavaa kadi shingoni zenye redio ya UWB, ili mashine isimame mtu akiisogelea. Mimi ni mjamzito. Ina madhara? Na je, watahesabu ninavyokwenda chooni?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Kwa kikomo kilichowekwa Marekani mwaka 2002, redio hii kwenye upana wa megahezi 500 inatoa wastani usiofika sehemu moja ya ishirini ya miliwati. Simu ya 4G inaweza kufika miliwati 200. Kadi hiyo isikunyime usingizi.

La chooni, ndiyo, wanaweza, kama wamefunga vituo vya kutosha na wanatunza kumbukumbu. Kusimamisha mashine hakuhitaji hilo: inatosha mashine ijue umbali wako sasa hivi, kisha isahau. Waulizeni kwa maandishi ni kumbukumbu gani inatunzwa, kwa muda gani, na nani anaiona. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mnayo haki ya kujua taarifa zenu zinakusanywa kwa ajili gani.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo kadi kuning'inia kifuani. Ukiipa mashine mgongo na kurudi nyuma, mwili wako unaziba wimbi, na mashine inaweza kudhani uko mbali kuliko ulipo. Kabla ya siku ya kwanza, ombeni jaribio mbele yenu nyote: mashine iendeshwe bila kazi, fundi wao asimame mahali salama nje ya eneo la hatari, aigeukie kisha aipe mgongo, na namba zisomwe kwa sauti mara zote mbili. Zikitofautiana, kadi ihamie begani au kwenye kofia ngumu, na ishara ikikatika mashine isimame yenyewe.