Kutoka Tanga hadi Mafia kwa mashua ya tanga

Kaka, wewe na shemeji mnataka kushuka Tanga hadi Mafia mwezi Juni, bila haraka, mkilala visiwani. Safari nzuri, ila mwezi ndio tatizo. Juni ni kusi: upepo unawapiga usoni na mkondo nao unapanda kaskazini, mtabisha, yaani kwenda kombokombo kuukabili upepo, mpaka mchoke. Ngojeni kaskazi ya Januari au Februari iwasukume; papa potwe nao huwa wapo Kilindoni, hapo Mafia.

Mlango wa Kinasi, wa kuingilia Ghuba ya Chole kisiwani Mafia, msiujaribu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, maji yakitoka. Subirini yajae, jua likiwa juu, mmoja asimame omo, mbele ya chombo, asome rangi ya maji: buluu iliyokoza ni kina, hudhurungi ni mwamba. Hapo ni hifadhi ya bahari tangu 1995, kwa hiyo kiingilio kipo. Na shemeji ashike usukani pia, asiachiwe jiko tu.