Mahindi Yamekwisha, Mnunuzi Anadai

SWALI: Mzee Karani, salamu. Ninauza mahindi hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Ijumaa asubuhi nilimwandikia mteja wa Jinja kwa WhatsApp: "Nina magunia 30, kila gunia 120,000." Akajibu: "Fanya laki moja." Sikumjibu, bei hiyo ilikuwa matusi. Jioni akaja mtu mwingine na lori, nikamuuzia yote kwa 115,000. Jumamosi yule wa Jinja akaandika, "Basi sawa, nachukua kwa 120,000," na papo hapo akanitumia 500,000 kwa simu. Nilikuwa matangani, nikatoa laki mbili nikachangia. Jumatatu kafika na lori. Nilipomwambia mahindi yamekwisha, akasema nimevunja mkataba na atanipeleka kortini. Mbona hatukuandikiana kitu? Ana haki kweli? — Mama wa Mahindi, Busia

JIBU: Mama, pole na msiba. Kwanza hilo la "hatukuandikiana kitu" liache nyumbani. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi laki tano uwe wa maandishi, na mahindi yako yalikuwa ya 3,600,000. Lakini Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 haiukatai ujumbe kwa sababu tu uko ndani ya simu. Nimekaa miaka mingi nikiandika mashauri mahakamani Tororo, na siku hizi watu humwonyesha hakimu simu jinsi zamani walivyomwonyesha risiti. Kwa hiyo usifute neno lolote. Ujumbe huo ndio utakaokuokoa.

Tazama alichokijibu. Wewe ulitoa bei, yaani ulisema uko tayari kufungwa nayo mwenzako akikubali. Sheria inataka kukubali huko kuwe kamili, bila sharti wala nyongeza. Yeye hakukubali, alikutajia bei yake. Mtu akifanya hivyo, bei yako ya kwanza inakufa, na hawezi kuirudia kesho yake kama mali aliyoiweka akiba. Jambo hili liliamuliwa Uingereza mwaka 1840, katika kesi ya Hyde na Wrench. Wrench alitaka pauni 1,000 kwa shamba lake, Hyde akasema 950, akakataliwa. Aliporudi na kusema haya, nitatoa hizo 1,000, korti ikamwambia hakuna tena ofa ya kukubali. Korti zetu zimerithi kanuni hiyo.

Hapa pana mstari mwembamba, nao nakuomba uuangalie vizuri. Lau angeandika, "Mama, huwezi kupunguza kidogo?" hilo lingekuwa swali tu, na swali haliui bei. Bei yako ingekuwa hai mpaka Jumamosi, na "sawa" yake ingekufunga, kwa sababu hukumwambia popote kwamba umeiondoa. Muuzaji ana ruhusa ya kuondoa bei kabla haijakubaliwa, lakini lazima mwenzake apate habari. Kuuzia mtu mwingine kimyakimya hakutoshi. Wafanyabiashara wengi wa mpakani hawalijui hili, wanadhani aliyewahi na lori ndiye mwenye haki. Mama, umeponea kwenye neno moja: "fanya."

Basi ujumbe wake wa Jumamosi ulikuwa ofa mpya, ya kwake, nawe hukuijibu.

Ila zile laki mbili zinanikosesha raha. Mkataba unaweza kuonekana kwa matendo hata mdomo ukinyamaza. Pesa kuingia kwenye simu yako bila kuombwa si kosa lako. Kuzitumia ni jambo jingine, maana wakili mjanja atasema umepokea arbuni na umeila. Mimi naona jibu lako lina nguvu: mahindi yalikwishaondoka Ijumaa, na alipofika ulimwambia ukweli. Lakini hakimu anaweza kuuliza kwa nini pesa bado unazo. Zirudishe leo zote, 500,000 kamili, hata ukikopa kwa jirani. Gharama ya kutuma ibebe wewe. Mwandikie kwa ustaarabu: "Ndugu, pesa uliyotuma narudisha yote, mahindi yaliuzwa Ijumaa kabla hujaandika kwamba unachukua." Mweleze hivyo tu, bila matusi na bila kumwahidi gunia la msimu ujao, usije ukajifunga upya.

Akienda kortini, madai yasiyozidi milioni 10 husikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo mbele ya hakimu, bila mawakili. Usiogope. Beba simu yako, na umwombe aliyenunua Ijumaa akupe ushahidi wa siku na saa aliyokulipa.

SWALI: Mzee, mtu anataka pikipiki yangu. Ameandika: "Nitaichukua kwa milioni 3. Usiponijibu mpaka Jumapili, nahesabu umekubali." Sikujibu, na Jumatatu kaja kudai funguo. — Kijana wa boda, Koboko

JIBU: Mwanangu, funguo usitoe. Hakuna mtu anayeweza kukuwekea jibu kinywani kwa kukutishia na Jumapili. Mwaka 1862 mjomba mmoja Mwingereza, Felthouse, alimwandikia mpwa wake hivyohivyo kuhusu farasi: nisiposikia neno, farasi ni wangu. Dalali akamuuza farasi yule kimakosa, mjomba akashtaki, akashindwa, kwa sababu mpwa hakuwahi kumjibu kwamba amekubali. Na yule kijana alikuwa anataka kuuza kweli! Wewe hata hutaki.

Kama bei yenyewe unaipenda, hilo ni lako. Mwandikie kwamba unakubali, na siku ya malipo muandikiane mbele ya shahidi kabla hajashika kadi ya pikipiki, maana milioni 3 inapita mbali ile laki tano niliyomtajia mama wa Busia.