Dogo, usilinunue hilo desa la Biokemia (jibu limekuwa refu, nivumilieni)

Dogo, mrudishie bro desa lake (hizo notsi zake za kukariri). Kama hujalipa, usilipe. Kama umeshalipa, hesabu hiyo hela imekwenda na maji, usijaribu kuifidia kwa kulisoma.

Uzi wako nimeusoma mpaka chai ikapoa. Umesema umeingia mwaka wa kwanza udaktari, na kuna bro wa mwaka wa nne kakwambia Biokemia "ni kukariri tu". Nguvu zote uzipeleke Anatomia, halafu wiki ya mwisho kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ushike desa lake la kurasa 40 na pasti pepa za miaka mitano, utoboe. Unauliza kama mbinu hiyo inafaa, kitabu gani ununue, laptopu au tableti, na saa ngapi kwa wiki. Wakuu waliotangulia wamekujibu kwa upole na kukutakia kila la heri. Mimi upole huo sina, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, karibu neno kwa neno, nimekaa kimbwetani, na mtu aliyekuwa anakula mihogo yangu.

Nililinunua kwa shilingi 5,000. Ilikuwa wiki ya pili ya muhula. Kuanzia hapo vipindi vya Biokemia vya saa moja asubuhi nikawa nalala fofofo, tena kwa amani, maana desa liko kwenye begi. Watu wanadhani desa linakuangusha siku ya pepa. Mimi liliniangusha miezi mitatu kabla, nikiwa na shuka usoni.

Wiki ya mwisho nikapiga msuli kisawasawa. Siku tatu nikakariri hatua 10 za glaikolisisi (njia ambayo seli inavunja sukari ipate nishati), kutoka glukosi mpaka piruveti, enzaimu zote kwa mpangilio (vimeng'enya, kama unapenda Kiswahili cha taarifa ya habari). Nikatunga na kaimbo kwa mdundo wa singeli, mwenzangu wa chumba akatishia kuhama. Siku ya nne mzunguko wa Krebs (njia inayofuata). Siku ya tano asidi amino (matofali ya protini) zote 20. Usiku wa kuamkia pepa ungeniamsha ukanitajia "tisa", ningejibu "enolasi" kabla sijafumbua macho. Nikaingia chumba cha mtihani kama kuku aliyelewa togwa, kifua mbele na sijui ninakokwenda.

Swali la kwanza, alama 15. Nalikumbuka kuliko namba yangu ya NIDA. Mgonjwa katolewa damu zahanati saa mbili asubuhi, damu ikawekwa kwenye chupa ya kawaida isiyo na dawa yoyote, ikapakiwa kwenye pikipiki, ikafika maabara ya wilaya saa nane mchana. Kipimo kinasema sukari iko chini vibaya sana. Ukimpigia simu mgonjwa, yuko fiti, anakula ugali. Eleza kilichotokea ndani ya chupa, na useme ungekizuiaje.

Mimi nikaona neno glukosi tu. Furaha iliyoje! Nikamwaga hatua zote 10, ukurasa mmoja na nusu, mishale imenyooka, ATP (sarafu ya nishati ya seli) 2 zinazotumika mwanzoni na 4 zinazotoka baadaye. Enolasi nikaipigia mstari mara mbili, kwa urembo. Dogo, enolasi ndiyo ilikuwa jibu. Nimelipigia mstari jibu na sijui kama ni jibu!

Sikiliza sasa. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria (vinu vya nishati vya seli). Nishati yake yote inatoka kwenye glaikolisisi, basi. Ukizitoa kwenye mshipa ukazitia kwenye chupa, hakuna anayeziambia kazi imekwisha, zinaendelea kula sukari iliyomo humo, na joto la barabarani linazidi kuzichangamsha. Mgonjwa hakuwa na upungufu wowote. Sukari yake imeliwa njiani, juu ya pikipiki. Ndiyo maana kuna chupa yenye kifuniko cha kijivu, ndani ina sodiamu floraidi. Floraidi inaziba enolasi, ile ya tisa, na ulaji unakoma. Tena haukomi papo hapo. Kwa saa moja au mbili za mwanzo sukari inaendelea kushuka kidogo, kwa sababu hatua zilizo juu ya enolasi bado zinachapa kazi. Mtu aliyeielewa njia anaweza kukuambia hayo bila kuwahi kuyasoma mahali. Mimi nilikuwa na njia yote kichwani, mpaka na kaimbo kake, na sikuweza kusema hata moja.

Nikapata 2 kati ya 15. Pepa nzima nikapata 38 kwa 100, na kwetu kufaulu ni 50. Nilipokwenda kuangalia karatasi yangu nikakuta mhadhiri, kwenye mtihani ulioandikwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, ameandika pembeni ya ule ukurasa wangu na nusu, kalamu nyekundu, Kiswahili safi: "Kwa hiyo?"

Na hiyo 38 nayo ina kisa chake. Desa lilisema glukosi moja ikichomwa mpaka mwisho inatoa ATP 38. Hiyo ni hesabu ya vitabu vya zamani. Siku hizi ni 30 hadi 32, kwa kuwa NADH moja inahesabiwa ATP 2.5 badala ya 3, na FADH2 ni 1.5 badala ya 2 (hizo mbili ni vibebeo vya elektroni). Lilikuwa desa la kurithishana, hakuna aliyewahi kulihakiki tangu lilipotungwa. Likanikosesha swali la ATP, halafu likanipa 38 yangu ya jumla. Angalau lilikuwa na msimamo.

Sapu (mtihani wa marudio) ikapangwa Septemba. Wenzangu wamekwenda makwao, hosteli imefungwa, bumu (hela ya mkopo) limeisha. Nikapanga chumba Mbagala kwa hela za kuazima. Mwezi huohuo dada yangu anaolewa Songea, na mweka hazina wa kamati ya harusi ni mimi. Michango nikaisimamia kwa WhatsApp. Harusi yenyewe nikaiona kwenye video ya mjomba, ambaye alirekodi keki dakika kumi na moja na bibi harusi akamwonyesha mgongo tu. Mama alipouliza sapu ni kitu gani nikamwambia ni semina. Mpaka leo anaamini nilichaguliwa.

Halafu yule bro. Sikiliza hii. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba lile desa aliliandika wakati yeye mwenyewe anajiandaa na sapu ya Biokemia! Yaani 5,000 yangu ilinunua maandishi ya mtu aliyezama, ili yanifundishe kuogelea. Nilipomfuata hakuona hata haya. Akaniuliza, "Kwani hatua zote 10 si zilikuwemo?" Zilikuwemo. Ningemjibu nini? Na wewe wa kwako anakuambia pasti pepa zinajirudia. Maneno yanajirudia, dogo. Mwaka huu chupa ya damu, mwakani mtoto anayezimia akikosa uji wa asubuhi, mwaka mwingine walevi waliopofuka, na desa la kukariri ni lilelile.

Aliyeniokoa ni jirani wa pale Mbagala, mtu wa maabara, stashahada. Siku moja anakaanga mayai nikamwuliza, damu ya sukari mnaweka chupa gani? "Ya kijivu." Kwa nini? "Ina floraidi. Bila hiyo chembe zinamaliza sukari." Hakugeuka hata kunitazama, aligeuza mayai. Hajui kaimbo chochote. Nikarudi chumbani nikalichana desa, nikabakiza kurasa za mwisho zilizokuwa tupu upande mmoja, maana karatasi ni hela.

Kwenye kurasa hizo nikaanza kufanya kitu kimoja, na hicho ndicho ninachokupa. Kila siku chora njia moja kwenye karatasi tupu, daftari limefungwa. Ukimaliza, ziba hatua moja, yoyote. Halafu ujiulize kama yule mhadhiri: kwa hiyo? Nini kinajaa nyuma, nini kinakosekana mbele, nani analia.

Kama umewahi kukaa Dar msimu wa masika hili unalijua. Jangwani ikijaa maji wanafunga barabara. Magari yanarundikana upande wa Magomeni, Kariakoo watu wanasubiri mwendokasi usiokuja, na vichochoro ambavyo havijawahi kuona basi vinajaa magari yanayotafuta pa kupenya. Huhitaji kukariri majina ya vituo ili ujue nani atachelewa kazini.

Chukua ini. Ziba enzaimu inayong'oa fosfeti kwenye glukosi-6-fosfeti ili glukosi itoke iingie kwenye damu. Nyuma glukosi-6-fosfeti inajaa, inageuzwa glaikojeni (sukari ya akiba), ini linavimba. Nyingine inapenya uchochoroni, inashuka kwenye glaikolisisi, asidi ya laktiki inapanda. Mbele glukosi haitoki, mtoto akikaa saa chache bila kula sukari inaanguka. Huo ni ugonjwa wa von Gierke, na umeujenga mwenyewe kwa penseli. Hata ukisahau jina utaandika alama 12 kati ya 15.

Au gongo iliyochanganywa na methanoli. Methanoli yenyewe siyo inayopofusha, ni asidi ya fomiki inayotokana nayo ikishapita kwenye enzaimu ya pombe pale kwenye ini. Ukiiziba hiyo enzaimu methanoli inabaki methanoli, inatoka taratibu kwa mkojo na pumzi, au daktari anaisafisha kwa mashine. Na kuna hospitali wanaiziba kwa ethanoli, kwa sababu enzaimu ikiwekewa zote mbili inaikimbilia ethanoli. Mgonjwa wa pombe anatibiwa kwa pombe! Ukishakaa na hilo dakika kumi, zile grafu za Michaelis na Menten za mwaka 1913, za vizuizi vinavyogombea kiti kimoja, zinaacha kuwa michoro ya kutisha. Mimi grafu hizo nilizikariri kwa sura, huu unakata hapa, ule unakata pale, nikazigeuza kwenye pepa.

Najua kuna mkuu atakuja hapa chini kusema "lakini kuna vya kukariri". Vipo. Asidi amino 20 utazikariri, sina dawa nyingine. Ila hata hizo zizibe. Kwenye selimundu glutameti ya nafasi ya 6 kwenye mnyororo wa beta wa hemoglobini imebadilishwa na valini. Kwa hiyo? Glutameti ina chaji hasi, valini haina na inakimbia maji. Kwa hiyo hemoglobini hiyo ikikosa oksijeni inashikana na wenzake, chembe inapinda. Na ukiipitisha kwenye umeme inajikokota kuelekea upande chanya kuliko ya kawaida. Asidi amino moja imekupa ugonjwa na kipimo chake. Mimi nilijua tu kwamba herufi ya valini ni V.

Sapu nilipita kwa 61. Swali la kwanza lilikuwa la mtu aliyepewa primaquine kwa ajili ya malaria, mkojo ukawa mweusi. Nikaziba G6PD (enzaimu inayotengeneza NADPH, ngao ya chembe nyekundu) kwenye karatasi ya kukokotolea, nikaona NADPH inakosekana mbele, nikaona chembe nyekundu zinapasuka kwa kukosa kinga. Majina ya nusu ya enzaimu za njia ile sikuyajua, na mpaka leo siyajui.

Basi leo usiku, kabla ya kulala, chora glaikolisisi ya chembe nyekundu na uzibe hatua ya mwisho kabisa, piruveti kinasi. Andika nini kinajaa, nini kinakosekana, na mgonjwa atakuja kliniki analalamika nini. Jibu uliweke hapahapa kwenye uzi, usinifuate inboksi. Ukikosea tutakucheka kidogo, halafu tutakurekebisha, ni bure.

Nyongeza: nimerudi kusoma uzi wako, kumbe uliulizia pia laptopu au tableti. Laptopu yangu niliiuza Septemba ile kulipa kodi ya Mbagala, kwa hiyo hapo mwulize mwingine.