Washington haiwezi kuwaamuru polisi wa majimbo
Je, serikali kuu ya Marekani inaweza kuwaamuru magavana na polisi wa majimbo watekeleze sheria zake? Hapana, hawalazimiki kuzitekeleza kwa niaba yake. Hilo lilishaamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1997, kesi ya Printz. Sheria ya Brady ya 1993 iliwataka wakuu wa polisi wa kaunti wachunguze kila anayenunua bastola. Jay Printz, sherifu wa Montana, akagoma na kwenda mahakamani. Akashinda, kura 5 kwa 4. Washington inaweza kutuma maafisa wake wenyewe, ila si kuwatwika kazi hiyo watumishi wa jimbo.

Lakini msisahau pesa, maana huko ndiko mizani inakolala upande mmoja. Mwaka 1984 Bunge lilisema jimbo litakaloruhusu vijana wa chini ya miaka 21 kununua pombe litakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu kutoka serikali kuu. South Dakota ilipinga ikashindwa mwaka 1987. Mahakama iliona kukatwa asilimia 5 ya fedha hizo si kulazimishwa. Mwaka uliofuata majimbo yote 50 yalikuwa yameshakubali 21.

Mahakama iliweka mpaka mwaka 2012: kutishia kufuta fedha zote za Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini) kwa jimbo lililokataa kuupanua mpango huo ni shuruti, haikubaliki. Kwa hiyo anayetaka kweli kurudisha nguvu majimboni aanze na masharti ya ruzuku. Kwa maoni yangu magavana wengi wanalikwepa hilo, kwa sababu bajeti zao zinazitegemea.