Chaja ya zamani bado inapiga kazi, niibadilishe?

SWALI: Habari za kazi fundi wetu. Mimi ni mstaafu, naishi Tanga. Nina chaja ya betri ya zamani sana, lile dude la chuma zito, lina mshale wa ampea na swichi ya 6 na 12, aliniachia kaka yangu alipofunga gereji. Nachajia betri ya gari langu Noah, saizi ya N70, ya maji, na nyingine kama hiyo tunaiweka nyumbani kwa ajili ya taa umeme ukikatika. Kijana wangu kila akija anasema chaja hii inaua betri, ninunue ya kisasa inayojizima yenyewe. Na kweli betri ya nyumbani nimeshabadilisha mara mbili katika muda mfupi, ila ya gari haina shida. Chaja yenyewe naona nzima tu, inanguruma vizuri. Niibadilishe au kijana anapenda tu vitu vipya?
Mstaafu, Tanga

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nianze na hilo la kunguruma vizuri. Mngurumo unakuambia transfoma iko hai, basi, haukuambii inasukuma volti ngapi kwenye betri, na ugomvi wako na kijana uko hapo hapo kwenye volti. Chaja ya aina hiyo ukiifungua ndani ina vitu viwili vya maana, transfoma ya kushusha zile 230 za ukutani na dayodi za kufanya umeme uende upande mmoja, hakuna kitu kingine kinachoangalia betri imefika wapi. Betri ikiwa haina moto inavuta ampea nyingi, ikianza kujaa ampea zinashuka na mshale unarudi chini, sasa watu wengi wakiona mshale umerudi wanajua imejizima, kumbe bado inasukuma na volti zinapanda tu, 14.4, 15, zingine zinagonga mpaka 16, hasa usiku wa manane watu wamelala na umeme wa mtaani unapokuwa na nguvu.

Betri yako ya maji ina vyumba 6, na ikipita kama 14.4 maji yanaanza kutoa mapovu. Hayo sio mapovu ya moto, ni maji yanavunjika kuwa haidrojeni na oksijeni, yanatoka juu yanapotea, sahani za risasi zilizo ndani zinabaki wazi na sehemu iliyobaki wazi ndio inakufa. Alafu hiyo 14.4 ni hesabu ya joto la nyuzi 25. Tanga mwezi wa pili chumba kinagonga 33 au 35, na betri ikiwa kwenye joto inatakiwa volti pungufu, kama 0.02 kwa kila nyuzi moja inayozidi, kwaiyo kwako wewe hata 14.2 inatosha kabisa. Chaja yako haijui hayo mambo.

Kabla hujatoa hela ya chaja nunua mita, ile ndogo ya kidijitali, bei yake haifiki hata robo ya betri. Weka betri kwenye chaja, subiri mpaka mshale urudi chini, acha saa nyingine moja, alafu pima kwenye vichwa vya betri huku chaja ikiwa bado inafanya kazi. Ukisoma 14 na kitu kidogo basi una chaja nzuri kuliko nyingi za siku hizi. Ukisoma 15 na kuendelea, na ukitega sikio unasikia yanachemka ndani kama soda imefunguliwa, basi kijana kashinda. Mimi nakisia utakuta 15, ila pima, usibebe maneno yangu.

Na kwanini ya gari haina shida? Kwa sababu ya gari haikai kwenye chaja, inachajiwa na altaneta ambayo ina reguleta yake inashikilia hapo kwenye 14, chaja unaileta siku moja moja. Ya nyumbani ndio inawekwa jioni inasahaulika mpaka asubuhi.

Lakini hapa sitaki kijana ashangilie sana. N70 imetengenezwa kuwasha gari, kutoa moto mwingi kwa sekunde chache alafu ijazwe tena, sahani zake nyembamba. Mkiwasha taa na tivii mpaka zififie ndio mnaipeleka kwenye chaja, hapo mnaiua wenyewe hata mngekuwa na chaja ya bei gani. Ikae bila mzigo masaa kadhaa alafu pima, iliyojaa inasoma 12.6 au 12.7, ikisoma 12.1 imeshafika kama nusu, acha hapo hapo, rudisha kwenye chaja siku hiyo hiyo. Betri inayolala bila moto inaganda salfeti kwenye sahani na ikishaganda sana haitoki, hata zile chaja zilizoandikwa zinafufua betri usitegemee miujiza. Betri nyingine ya nyumbani ukinunua, tafuta ile ya sola yenyewe, ya kutumika kwa masaa mengi.

Kwaiyo nunua ya kisasa kwa ajili ya ile betri inayolala kwenye chaja, na la chuma usiuze. Narudia, usiuze! Hizi za kisasa nyingi ukiziwekea betri iliyokufa mpaka volti 4 au 5 zinagoma, zinaandika kosa au zinakaa kimya kwa sababu haziioni betri. La chuma halina maswali, linasukuma. Unaipa betri nusu saa kwenye la chuma ukiwa umekaa hapo hapo pembeni, volti zikipanda juu ya 10 na kitu unahamishia kwenye mpya imalizie. Na la chuma likiharibika fundi yeyote wa mtaani anabadilisha dayodi au fyuzi mchezo umeisha, ya kisasa ikipigwa na umeme wa kuruka bodi imeungua, hakuna anayehangaika nayo. Ndio maana hiyo mpya radi zikianza au umeme ukianza kucheza ichomoe ukutani.

Kitu kimoja kuhusu dayodi maana najua mafundi wetu. Kama hiyo chaja ni ya miaka ya 60 hivi inawezekana ndani haina dayodi za kawaida ina sahani za seleniamu, utaona kama mapezi ya chuma yamepangwa kwenye bolti. Zikiungua zinatoa harufu mbaya sana na moshi wake ni sumu, toka nje. Fundi atakuwekea daraja la KBPC3510, yaani dayodi nne za silikoni kwenye kipande kimoja, na itafanya kazi, ila dayodi za silikoni zinakula volti chache kuliko seleniamu, kwaiyo chaja itaanza kutoa volti nyingi kuliko mwanzo. Baada ya matengenezo hayo pima upya.

Ukienda kununua, kwa N70 ampea 5 mpaka 7 zinatosha, usidanganywe na ya 20. Iwe inapandisha mpaka 14.4 hivi alafu ikishajaza inashuka yenyewe kwenye 13.5 mpaka 13.8 na kukaa hapo. Huko kushuka ndio unakolipia, zile za plastiki zenye kioo kidogo zilizojaa madukani zipo zinazofanya hivyo na zipo zinazoandika tu kwenye boksi. Nenda na mita yako na betri iliyojaa, muombe muuzaji aiwashe uone, akikataa hamia duka la pili.

Na kama chaja la chuma likiguswa mwilini linatekenya, au waya wake wa ukutani ni wa nyaya mbili bila ethi, hilo halisubiri mita, lisiwashwe mpaka fundi alifungue. Hata likiwa zima chajia sehemu yenye hewa, bana vibano kwenye betri kwanza ndio uchomeke ukutani, na kumaliza anza kuchomoa ukutani, maana cheche moja juu ya betri iliyotoka kuchemka inaweza kuipasua ikurushie asidi usoni. Kwenye Noah chomoa waya wa betri kabisa kabla ya kuchaji, volti 16 na kontrolboksi, ile kompyuta ya gari, haviivani.

Siku kijana akikuletea gari lenye betri isiyoongezwa maji, mfano zile Prius ambazo betri yake ya volti 12 iko nyuma kwenye buti, la chuma lisiisogelee kabisa. Gel, AGM, lithiamu, zote hizo ni kazi ya chaja mpya yenye sehemu ya kuchagua aina ya betri.

SWALI: Mambo vipi. Kanisani kwetu tunatumia betri ndogo za AA za kuchaji kwenye maikrofoni. Chaja yetu ya zamani ni ile unachomeka unaacha usiku kucha, taa nyekundu haizimiki milele. Tumenunua betri mpya zimeandikwa NiMH 2500. Tuendelee na chaja ileile?
Mwanakwaya, Dodoma

JIBU: Poa kabisa. Badilisheni, hapa wala sisiti. Hizo chaja za taa isiyozimika zilitengenezwa enzi za betri za NiCd, aina ya zamani kabla ya hizo NiMH, zenye ujazo mdogo, zinatoa moto kidogo kidogo kwa masaa 14 mpaka 16 na wewe ndio saa yake. Kwa betri ya 2500 mtapata moja ya mambo mawili, ama asubuhi haijajaa na maikrofoni inakata katikati ya pambio, ama mtu anaisahau siku tatu inapata joto mpaka inapoteza uwezo. Angalia nyuma ya chaja imeandikwa mA ngapi, kama ni 120 betri yenu inahitaji zaidi ya siku nzima. Chukueni chaja inayochaji kila betri na njia yake, yaani kila moja ina taa yake, maana zile za kuchaji mbili mbili moja ikiwa imechoka inaivuruga mwenzake. Chaja nzuri ya NiMH inaona volti za betri zikishuka kidogo baada ya kujaa na inakata hapo hapo. Na zile za kawaida za kutupa msiweke kwenye chaja, zinavuja na zinaweza kupasuka.

SWALI: Bro simu mpya imekuja bila chaja nikitumia kichwa cha simu yangu ya zamani cha 5V 1A itaharibika?
Dereva boda, Mombasa

JIBU: Haiharibiki, itachelewa tu. Simu ndio inaamua ivute kiasi gani, na kichwa cha ampea 1 kinatoa wati 5, simu ya betri ya 5000 itakaa karibu masaa matano au zaidi, kwaiyo kwa kulala usiku inafaa sana na hata joto haipati. Kwa wewe unayetaka kujaza wakati unakula lanchi ndio ununue kipya. Ila kama hicho cha zamani kinapata moto mpaka hakishikiki, kinalia, au skrini inaanza kujibofya yenyewe ukichomeka, tupa leo.