Azimio likishapita halirekebishwi

Ndugu yangu wa Kisauni, umeuliza kama lile azimio lililopita kwenye Baraza la Dunia la NationStates, ule mchezo wa mtandaoni ambamo kila mchezaji huendesha nchi yake ya kubuni, laweza kurekebishwa kifungu kimoja tu, kile chenye kosa. Haiwezekani, bwana. Sheria za mchezo haziruhusu marekebisho: sharti ulibatilishe lote kwanza, ndipo uandike jipya.

Na usiyachanganye hayo mawili. Pendekezo la kubatilisha laeleza tu kwa nini la zamani liondoke; halitungi sheria mpya. Hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Mimi langu la kwanza niliandika usiku, nimekaa barazani Mji wa Kale, kikombe cha kahawa chungu mkono mmoja na simu mkono wa pili, nikachomeka "kila taifa litalazimika..." kwenye mstari wa mwisho. Likatupwa hata kura halikuonja.

Kuwasilisha, wahitaji nchi mbili za eneo lako, yaani kundi la nchi ulilomo, zikuunge mkono. Kisha asilimia 6 ya wajumbe wa maeneo, wale wanaowakilisha kila eneo Barazani, waidhinishe, halafu kura, siku 4 hivi. Hao wajumbe ndio wa kubembeleza mapema, maana kura ya mjumbe huongezeka kwa kila nchi iliyomuunga mkono. Mmoja aweza kuwazidi wachezaji mia waliolala.

Halafu rasimu yako bado yasema "Umoja wa Mataifa". Hilo ni jina la zamani la Baraza mchezoni, liliachwa 2008, baada ya UN wa kweli kulalamika. Libadilishe kabla hujaituma.