Unapomuuguza mgonjwa wa saratani, zielewe seli kwanza

Nilimuuguza dada yangu kipindi chote cha tibakemikali, yaani matibabu ya saratani kwa dawa zinazoua seli. Kilichonipa nguvu ya kukaa kando ya kitanda chake ni kuelewa namna seli zinavyokufa, na naandika kwa ajili yako uliyeko kwenye zamu hiyo sasa.

Seli kufa ni jambo la kawaida kabisa. Vidole vyako vilitengana ukiwa tumboni mwa mama kwa sababu seli zilizoviunganisha zilikufa kwa mpango. Mwaka 1972 wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie waliuita mpango huo apoptosisi: seli hunywea, hukatakata DNA yake (maagizo ya urithi yaliyoandikwa kwa herufi za kemikali kama T na G), hugawanyika vipande vidogo, na seli nyingine huvimeza kimya kimya. Seli iliyoungua au kukosa damu hufa vibaya zaidi. Huvimba, hupasuka, na yaliyomo humwagika na kuleta uvimbe kwenye sehemu yote inayoizunguka. Hiyo ni nekrosisi.

Cha kuogopwa ni seli yenye DNA mbovu inayoendelea kuishi. DNA huharibika kila siku, hata kwa maji ya mwilini tu. Miale ya urujuanimno ya jua huzigandisha pamoja herufi mbili za T zilizo jirani. Kemikali za moshi wa tumbaku hujipachika kwenye herufi G. Uharibifu mwingi hukarabatiwa, na waliofafanua ukarabati huo, Lindahl, Modrich na Sancar, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015. Ukarabati ukishindikana, protini iitwayo p53 huisimamisha seli isigawanyike, au huiamuru ife. Ndiyo maana ngozi iliyobabuka kwa jua hubambuka. Lakini seli ikigawanyika kabla kosa halijasahihishwa, kosa hilo huwa mutesheni na hurithiwa na seli zote zitakazotoka kwake. Likiipata jeni ya p53 yenyewe, yaani kipande cha DNA chenye maagizo ya kuitengeneza, mlinzi hayupo tena, na seli mbovu zinaweza kuendelea kugawanyika hadi kuwa saratani. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina kasoro hapo.

Sasa rudi kitandani. Dawa nyingi za tibakemikali huiharibu DNA makusudi ili seli zinazogawanyika upesi zife, na haziwezi kuchagua za saratani peke yake. Siku nywele za dada zilipobaki kwenye mto, shungi zima, alinitazama akasubiri niseme kitu. Nikamwambia seli za mashina ya nywele nazo hugawanyika upesi, dawa imezikuta, na mashina yenyewe yapo, zitaota tena. Alilia, kisha akaniomba nimnyoe zilizobaki. Mweleze mgonjwa wako mapema, kabla ya siku hiyo.

Utando wa mdomo nao huchubuka kwa sababu hiyo hiyo: tumia mswaki laini na kusukutua kwa maji ya chumvi kidogo. Kubwa kuliko yote ni homa. Seli nyeupe za damu zikipungua, maambukizi madogo huweza kuua kwa haraka. Nunua kipimajoto. Kikisoma nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi, nendeni hospitali usiku huo huo, na usimpe dawa ya kushusha homa kabla hujaongea na wanaomtibu.

Na kama kuna mvutaji sigara nyumbani, mwombe aache sasa. Kuacha humsaidia hata aliyevuta miaka mingi, na mgonjwa hatavuta moshi wake.